Nilimpa Mdogo Wangu Kahawa ya Wageni Asilale Mchana

Nimemkosea mtoto wa miaka minne, tena mdogo wangu wa tumbo moja. Kwa mdomo siwezi kusimulia, mimi ni mtu wa aibu sana. Ndiyo maana naandika.

Tunakaa Kanoni, niko kidato cha tatu. Likizo hii Mama alikuwa akiniachia huyo mdogo wangu, Alinda, anapokwenda kuuza ndizi sokoni Omurushaka. Mwakani Alinda anaanza darasa la awali, na huko hakuna kulala mchana, kwa hiyo Mama akataka tumzoeze mapema.

"Pole pole tu," alinielekeza. "Leo mwamshe mapema kidogo, kesho mapema zaidi. Akianza kusinzia mtoe nje, umwimbie, mcheze."

Kumwimbia nje! Nyumba yetu iko barabarani, na wavulana wa shuleni kwetu wanapita hapo. Nilijaribu mara moja tu, mmoja akapaza sauti: "Mwalimu wa chekechea, shikamoo!" Nikaingia ndani. Sikutoka tena.

Sasa sebuleni kwetu, kama nyumba nyingi za huku, kuna kikapu cha kahawa ya kutafuna, ya kumkaribishia mgeni. Baba huitafuna akienda kukesha msibani. Nikawaza, kama inamsaidia Baba, si itamsaidia na huyu?

Jamani! Baada ya chakula nikampa punje chache. Akakunja uso.

"Chungu!"

"Tafuna bwana, wewe si mwanaume? Wanaume wanatafuna."

Akatafuna, maskini. Hakulala. Mama aliporudi alinisifu mbele ya jirani: "Binti yangu kamuweza!" Mimi sijazoea kusifiwa. Kesho yake nikaongeza.

Siku zikaenda, mtoto akawa si yule. Mchana kutwa anazunguka migombani, hatulii, mikono inatetemeka. "Dada, miguu yangu inataka kukimbia," aliniambia huku analia. Jioni hataki kula, hataki kulala. Jioni moja akarusha sahani, Mama akamchapa.

Nilikuwa nasuuza vyombo. Nikaendelea kusuuza!

Jioni iliyofuata vurugu ikaanza upya, Mama akachukua fimbo. Alinda akaja mbio kujificha nyuma ya sketi yangu. Yangu mimi! Hapo nikashindwa.

"Mama, usimpige. Nimekuwa nampa kahawa."

"Kahawa gani?"

"Ya wageni. Asilale."

"Mawe!" Mama alimaka kwa lugha ya nyumbani, akashika kichwa. "Unataka kuniulia mtoto? Na mimi nimempiga!" Akamvuta kifuani, akalia. Kisha akaniuliza taratibu, "Kwa nini hukuniambia imekushinda?"



Tulimpeleka zahanati, wakasema tusimpe tena, atatulia. Kweli ametulia. Lakini Mama haniachii tena. Anambeba mgongoni hadi sokoni, na ndizi kichwani, mtoto mzito vile! Nikisema nibaki naye, ananijibu, "Wewe soma." Nasoma nini? Nafungua kitabu, nafunga. Natoka mlangoni, narudi. Mstari mmoja hauingii.

Ninyi mnaoachiwa wadogo zenu, nawaomba, msitafute njia ya mkato. Mtoto akisinzia, mwacheni asinzie kidogo, mpunguze muda wa kulala siku kwa siku, hata ikichukua likizo nzima. Na ikikushinda, sema, hata kama unaona aibu. Mimi nilinyamaza, akachapwa mtoto ambaye mpaka leo hajui alikosa nini.