Canne Mbili, Mfuko Mmoja

Ilinianza kazini, wakati wa kula. Nahudumia wazee kwenye nyumba moja ya kutunzia wazee hapa Brussels, na siku hiyo mwenzangu wa zamu alinisogezea simu yake nione video. Mtu amesimama kwenye mawe ya pwani. Anarusha uzi, anaukunja, anarusha tena. Mara ufito wake ukapinda mpaka ncha ikagusa maji, na mimi nikasahau mkate mdomoni. Samaki aliyetoka alikuwa mpana, mweupe wa kumeremeta, ana miiba mgongoni. Nikapiga kelele, chumba kizima kikageuka.

"Lakini huyu si sangala?"

Hakuwa sangala. Sangala ni wa ziwa letu la Tanganyika, na mimi mzaliwa wa Buyenzi, Bujumbura, nilipaswa kujua. Huyu ni wa baharini, na watu wa hapa humwita bar. Lakini ukiwaweka kwenye sahani moja utasema ni watoto wa shangazi na mjomba. Nilikuwa nimeshamwona kwa wauza samaki, na bei yake ilinifanya nijidai napita tu. Sasa nikaambiwa kwamba yuko pale Ostende, mwendo wa treni, na ukivua baharini huku umesimama nchi kavu hulipii hata kibali. Basi, mimi tena! Nikipenda kitu sipendi nusu nusu. Nilianza kupanda metro huku natazama fito, naosha vyombo huku nasikiliza watu wakibishana juu ya nyuzi, na Jumamosi ya kwanza niliyopata nafasi nikaingia duka la vifaa vya uvuvi kama mtu anayeingia harusini.

Mwenye duka alinishikisha ufito mmoja mweusi, mwembamba, mwepesi hata nikadhani amenipa ganda lake tu. Nikautikisa kidogo. Ncha ikatetemeka, na ule mtetemo ukanijia mpaka kwenye kiwiko. Wallahi nilicheka peke yangu pale dukani. Nikampigia mama simu hapohapo, sikuweza kungoja.

Kabla sijasema nilimwambia nini, inabidi mumjue mama. Tunaishi pamoja Ganshoren, ghorofa ya pili, na dirisha letu linatazama bustani. Miaka mingi aliuza vitenge sokoni Bujumbura, na mikono na midomo yake bado ni ya soko. Majira ya baridi alibadilishwa nyonga kwenye hospitali kubwa ya Woluwe. Operesheni ilikwenda vizuri, kilichokwama ni mama mwenyewe. Walimpa fimbo ya kutembelea, canne kwa Kifaransa, akaitia nyuma ya kabati. Kiné, yule mtaalamu wa viungo aliyekuwa akija kumfanyisha mazoezi, alinivuta pembeni akaniambia wazi: mama asipotembea sasa, nyonga itaganda, na kinachofuata ni kiti cha magurudumu. Nilimbembeleza, nikamgombeza, nikanuna. Hakuna.

"Canne ni ya wazee wako wa kazini," aliniambia. "Miye usinitie mu hesabu yao."

Kwa hiyo alikuwa anatoka kitandani anakwenda dirishani, anatoka dirishani anarudi kitandani, huku ameshikilia kuta. Iliniuma sana. Mchana kutwa nawashika mkono mama za watu wengine watembee, nikirudi nyumbani nakuta wangu amekaa.

Sasa rudini dukani. Nimeshika ufito, moyo unadunda, na simu iko sikioni. Nikasema yote kwa pumzi moja: "Mama, nimepata canne! Nyepesi, huwezi kuamini! Wiki ijayo tunaianza, halafu mimi naenda Ostende kutafuta bar!"

Simu ikakatwa.

Nilimkuta amejifunika mtandio, tasbihi mkononi, mgongo ameuelekeza mlangoni. Nikamsalimia, hakugeuka. Nikaweka chai, hakuigusa. Nikazunguka mpaka mbele yake nimwone uso, na ndipo akafungua kinywa.

"Donc, miye unanitafutia canne, na weye unajitafutia bar. Baba yako angekuwa muzima angesema nini? Mutoto wa kiislamu, na umuri yako ile!"

Nilichelewa kuelewa. Nilipoelewa, niliketi chini kwenye zulia nikacheka mpaka mbavu zikauma, na kadiri nilivyocheka ndivyo alivyozidi kukasirika. Kumbe kwa Kifaransa fimbo ya mgonjwa na ufito wa mvuvi vyote ni canne, na samaki wangu ana jina moja na mahali pa kunywea pombe! Ikabidi nimwonyeshe video. Aliitazama mara ya kwanza kwa kukunja uso, mara ya pili akaisogeza karibu, mara ya tatu tasbihi ikawekwa mezani.

"Uyu ni sangala."

"Si sangala, mama."

"Miye nimekula sangala mbele weye uzaliwe." Akanirudishia simu. "Na iyo canne yake, bei gani?"

"Cent trente. Mia na thelathini."

"Euros?"

"Ni ya kaboni, mama."

"Kaboni si makaa? Unanunua makaa cent trente?" Alinikata jicho. "Hapana. Weye haujue kununua, tangu utoto haujue. Dimanche tunaenda wote."

Tunaenda wote! Mama yangu, ambaye tangu operesheni hakuvuka mlango wetu ila kwa miadi ya daktari! Nilijikaza nisionyeshe kitu, nikajidai naosha kikombe. Kwa ndani nilikuwa naruka ruka.

Jumapili tukaenda soko la vitu vikuukuu kule Marolles, ambako vitu vinamwagwa chini juu ya mawe ya barabara, viatu kando ya vinara, vinara kando ya redio. Mawe yale ni mabaya hata kwa mtu mwenye nyonga zake za kuzaliwa nazo. Mama alinishika mkono akanifinya mpaka vidole vikafa ganzi, lakini alikwenda. Nami nilikuwa nimesoma, jamani. Nilikuwa najua kwamba bar wa pwani anataka ufito wa kupinda, wenye urefu wa kama mita mbili na nusu, si mti mgumu wa kuangushia maembe. Nilikuwa najua uzito wa chambo unaofaa umeandikwa karibu na mpini. Na nilikuwa najua kwamba ukinunua ufito uliotumika, lazima upitishe pamba ndani ya zile pete za kupitishia uzi, maana pete ikiwa na ufa, hata wa unywele, itakukata uzi siku ile unayomkamata samaki wa maana. Yote hayo niliyajua. Pamba niliisahau nyumbani.

Fito zilikuwa kwa muuzaji mmoja Mmoroko wa makamo, zimesimamishwa ndani ya ndoo. Mama akamtolea salamu kamili, mpaka warahmatullahi wabarakatuh, na yule bwana akaacha mteja mwingine, akamletea kreti akalie, akamwita Hajja. Mama hajafika Makka. Lakini siku ile alilipokea jina hilo bila kupepesa, na akalikalia pamoja na kreti.

Nilichagua mmoja wa kijani kibichi uliokwishapauka, nikaupinda, nikautikisa. Ule mtetemo ukaja! Haukuwa sawa na wa dukani, ulikuwa mzito kidogo, lakini ulikuja. "Nipe mtandio, mama," nikasema, na kwa pupa yangu nikautoa mabegani mwake bila kungoja, nikaingiza ncha yake ya hariri kwenye pete ya kwanza, ya pili, ya tatu. Ya nne ikaukamata. Nikavuta, krrr, uzi mmoja wa hariri ukatoka mrefu.

Mama aliutazama ule uzi. Mimi namjua, akitazama hivyo ujue mtu ataumia. Akaunyanyua mtandio, akauonyesha kwa muuzaji, kisha kwa jirani yake wa kushoto, kisha kwa wa kulia. Hariri, ya kutoka Dubai! Zawadi! Na imechanwa na kitu ambacho huyu kijana wa Kiislamu alitaka kumwuzia mtoto wake! Ufito ule ulirudishwa ndooni kwa aibu, ukaja mwingine wa bluu ambao mtandio uliteleza kwenye pete zake zote, na bei ikashuka mara moja kwa ajili ya mtandio, mara ya pili kwa ajili ya Hajja, mara ya tatu kwa sababu mama aliinuka kuondoka. Aliinuka mwenyewe, bila mkono wangu, na akapiga hatua kama nne juu ya mawe yale kabla hajakumbuka kwamba hawezi. Niliziona hatua zote. Muuzaji aliona mteja anayeondoka, akasema haya, chukua.

Ikabaki moulinet, ile mashine ndogo ya kukunjia uzi. Alituwekea tatu. Mimi nilitaka ile ya rangi ya dhahabu, iliyong'aa kuliko zote. Mama akazizungusha mkono moja moja huku amezisogeza sikioni, kama alivyokuwa akisikiliza cherehani za mafundi wake. Ya dhahabu ilisaga. Nyingine ilikuwa inakwama kila ikifika mahali fulani. Ya tatu, nyeusi, iliyokwaruzwa vibaya, ilizunguka bila neno.

"Iyi inanyamaza," alisema. "Lipa."

Uzi tuliununua mpya, hapo sikukubali ubishi. Ufito mzee unavumilika, uzi mzee hauna huruma. Na vyambo vya mpira tukachukua vichache tu, visamaki laini vyenye mkia wa kutikisika. Mama alikibonyeza kimoja kwa vidole viwili akauliza kitamdanganya nani. Kila kitu pamoja hakikufika hata nusu ya ile canne ya makaa. Usiku nilivipanga kitandani, nikavitazama kwa furaha kama mtoto mwenye nguo za Idi.

Tulikwenda Ostende mwezi wa sita, asubuhi yenye upepo. Mfuko mrefu wa ufito niliuvaa begani, na kabla ya kuufunga niliingiza kitu kingine, nilichokitoa nyuma ya kabati. Mama hakukiona. Kutoka kituoni alinilalia mkono njia nzima, tukapumzika kila penye kiti, mpaka tukafika kwenye gati la mbao linaloingia baharini. Mwanzo wa gati palikuwa na benchi. Akaketi, akauvuta mfuko, akafungua zipu ili anipe ufito.

Akatoa mpini wa bluu. Akatoa kipande cha juu. Kisha akatoa fimbo ya hospitali, na mpira wake wa chini bado mpya kabisa. Aliitazama, akanitazama. Nilikaza macho baharini.

"Canne mbili," alisema, "na samaki hata moja."

Akailaza kwenye benchi kando yake, akageuza uso upande wa pili.

Nilikwenda mpaka katikati ya gati, mahali ambapo maji yalikuwa yanachemka kuzunguka nguzo. Nikarusha. Uzi ukaenda vizuri, ukaenda mbali, nikapiga vigelegele vya kimoyomoyo. Nikakunja, hakuna. Nikarusha, hakuna. Nilibadilisha kisamaki cha mpira, nikabadilisha upande, mikono ikawa baridi, na sikuchoka hata kidogo. Kila mrusho nilikuwa na hakika kwamba ndio wenyewe.

Halafu kitu kikaugonga uzi kama mlango unaobishwa na mdai. Ufito wa bluu ukapinda mpaka nikaogopa, moulinet iliyonyamaza sokoni ikaanza kulia, na mimi nikapiga kelele ambayo nadhani ilifika Uingereza.

"Mama! Amenasa! Mama, amenasa!"

Hapo nilikuwa najua sheria moja kuliko zote. Uzi usilegee. Ukimwondolea bar macho hata kidogo, uzi ukapata nafasi, anatikisa kichwa na chambo kinatoka. Basi nilikaza. Nikakunja alipochoka, nikamwachia alipovuta, meno nimeyauma, machozi ya upepo yananitoka. Nikamwona! Ubavu mzima, mpana, mweupe, uligeuka chini ya maji karibu na nguzo.

Na nyuma yangu, juu ya mbao, nikasikia: tok.

Mlio ule naujua. Nausikia kila siku kazini kwenye korido, na kila siku ni wa polepole. Tok, tok, tok. Huu ulikuwa unakuja mbio.

"Usigeuke!" Sauti ya mama, ile ya sokoni. "Kunja! Kunja, usigeuke!"

Nikageuka.

Alikuwa katikati ya gati, peke yake, hajashika ukuta, hajashika mtu. Mtandio unapeperuka na ule uzi wake uliochomoka, uso umekunjwa kwa hasira ya samaki, na canne ya hospitali inatangulia mbele yake, anaifuata. Sijawahi kuona kitu kizuri kama kile. Mkononi mwangu ufito ukanyooka, ukawa mwepesi.

Mama alifika ukingoni, akachungulia maji, akaona hayana kitu. Akaipiga canne chini juu ya mbao.

"Sangala muzima!" alisema huku anahema. "Nimekuambia usigeuke. Alors, ulikuwa unaangalia nini?"