Siku Niliyotoa Viti Nje

Mwenzangu wa ofisini, aliyehamishiwa Songea kutoka Arusha, alinipa maagizo machache: nifike kwenye ukumbi wa mazoezi Jumamosi asubuhi, nisiwe nimeshiba, nivae nguo isiyobana, nibebe mkeka. Hata wa ukindu utafaa, alisema. Halafu akanitaka nijaribu nyumbani jambo moja tu, kulala chali, kufumba macho na kuhema taratibu. Somo la yoga huishia hapo, alisema, na wanaoanza ndipo wanaposhindwa.

Yoga yenyewe haikunivutia. Nilikubali kwa sababu tangu tumzike mama kule Mpitimbi, mwaka uliopita, sikuwa nimelia. Mimi ndiye binti mkubwa. Siku zile za msiba nilishika funguo za stoo, nikapima unga, nikatafuta turubai, nikagombana na wapishi. Watu wakasema nimejikaza. Kwa kweli nilikuwa na kazi. Kazi ilipokwisha nikangoja machozi kama mtu anayengoja maji ya bomba yarudi, na hayakurudi. Nilikula, nililala, nilicheka ofisini palipochekwa. Ganzi ilikuwa imenishika mwili mzima, na ilianza kunitisha. Daktari alinipima akasema sina ugonjwa, nifanye mazoezi.

Basi Ijumaa, baada ya kazi, nilijiandaa. Suruali nilikuwa nimeshainunua kwenye mitumba, ya bluu, yenye mstari wa kijani ubavuni ambao ungenipendeza kama ningekuwa na miaka kumi na sita. Nikajifunga khanga juu yake. Nikashusha mkeka kutoka juu ya kabati. Aliusuka mama, unatosha watu wanne, na sebule yangu haina nafasi hiyo. Nikatoa viti barazani, kimoja kimoja, nikavipanga ukutani. Meza nikaisukumia chumbani. Nikatandika, nikaacha mlango wazi ili hewa ipite, nikalala chali.

Mtu yeyote wa mtaa wetu anajua ni siku gani viti hutolewa nje na mkeka ukatandikwa sebuleni. Mimi mwenyewe nimetoa viti vya majirani mara nyingi. Lakini siku ile niliona ni viti tu, vinanibania nafasi.

Nilikuwa nimehesabu pumzi kama kumi niliposikia kandambili zikivuliwa mlangoni. Alikuwa bibi wa nyumba ya pili, ambaye kila asubuhi namwamkia kupitia uani. Hakupiga hodi, kwenye msiba watu huingia tu. Alikuwa ameshajitanda khanga kichwani. Akaketi kando yangu, akanyoosha miguu, akaweka mkono juu ya goti langu.

"Pole, mwanangu," akasema. "Nani tena?"

Nilipaswa kuinuka nimweleze habari za ukumbi na za mwenzangu wa Arusha, tucheke, nimchemshie chai. Nilifungua mdomo kwa nia hiyo.

"Mama," nikasema.

Alijua vizuri. Alikuwepo Mpitimbi siku ya mazishi, alichambua mchele karibu na mlango wa ile stoo. Hakunikumbusha. Aliitikia tu kwa sauti ya chini, akaendelea kukaa, mkono wake palepale. Machozi yakaanza kutoka bila kelele, na kwa kuwa nilikuwa chali, yaliniingia masikioni, ya uvuguvugu. Sikuyafuta. Nilihisi mkeka mgongoni, kila mahali mama alipoushona.

Jua lilipokuwa linazama niliinuka, nikafuta uso kwa pindo la khanga. Nikamwambia bibi kwamba heri niviingize viti, watu wasije wakapita wakadhani nimefiwa.

Aliangalia barazani kidogo.

"Viache kwanza," akasema.