Risasi Tatu Ndani ya Soksi

Juzi jirani yangu hapa Wheaton, Marekani, alianika vitu vyake vikuukuu uani, akiviuza. Hata mimi, mtu wa kushinda kwenye kochi, nilitoka. Kopo la vichwa vya risasi lilinukia mafuta ya bunduki, nikamkumbuka Mzee.

Mzee alikuwa mzungu mgonjwa ambaye mama alikuwa akimtunza. Wakati wa likizo mama alinipeleka kazini kwake, akamfundisha Mzee hata kuitikia shikamoo yangu. Alasiri moja Mzee alikuwa na bastola ya babu yake na ganda moja la risasi, la shaba, akitafuta kwenye kopo lake kichwa cha risasi cha kulienea. Vya siku hizi vilikuwa vyembamba. Macho yake yalikuwa yamefifia, basi mimi ndiye niliyevijaribu kimoja kimoja mdomoni mwa ganda. Vya kwanza vyote vilipwaya.

Mama akaingia na bakuli. "Mzee, kunywa uji. Usinidekee!"

Alipotoka, Mzee akaninong'oneza, "Tukikipata, tutamkomesha mama yako na uji wake."

Shujaa wa miaka saba, niliamini. Baadaye vitatu vilienea, nikavificha kwenye soksi.

"Hakuna, Mzee," nikamwambia.

Alifunga kopo taratibu, akanywa uji wote bila ubishi.

Baada ya mazishi mama alinieleza: "Masikini, alitaka kuisikia bastola ile ikilia mara moja tu, kama enzi za babu yake."

Juzi jirani aliniuliza natafuta saizi gani. Naijua bila kupima. Vitatu vile bado ninavyo.

"Natazama tu," nikamwambia.