Mdomo wa Jitu

Mchoraji wa vitabu vya watoto aliingia darasani kwangu vidole vyake vikiwa na rangi ya samawati hadi kwenye kucha. Alikuwa mama mwenye sauti ya chini, hata watoto wakanyamaza wenyewe ili wamsikie. Kila akichora mstari alirudi nyuma, akainamisha kichwa, akapuliza vumbi la chaki vidoleni.

“Leo tunachora jitu,” aliwaambia. “Mimi sijawahi kuliona. Niambieni nyie lilivyo.”

Mikono ikajaa hewani. Lina miwani kwenye ncha ya pua! Bega moja limeshuka! Lina kipara kinang’aa! Yeye alichora tu, nami nikainuka kitini, maana uso uliokuwa ukitokea ubaoni ulikuwa wa mwalimu wa nidhamu, na mwenyewe alikuwa amesimama mlangoni, fimbo kwapani. Watoto walipomwona, wakainamia madawati.

“Na mdomo?” aliuliza mchoraji. “Mbona kimya, wanangu?”

Akageuka. Nilidhani atafuta haraka, au atacheka ili yaishe. Wapi! Alimtazama yule mwalimu kwa utulivu uleule aliotazamia mistari yake, kisha akarudi ubaoni akauchora mdomo kama alivyouona: umebanwa, pembe zake zimeshuka, kidevu kimejikunja.

Binti wa dawati la mbele akainua kichwa. “Kumbe jitu linataka kulia,” alisema.

Ndipo sote tukageuka kumtazama mwalimu.