Zipora na Nyumba Isiyo na Paa

Zipora ng'wana Makoye, mtu wa Tinde. Mjukuu wa yule Ng'wandu aliyewajengea wagonjwa wa ndui vibanda wakati ndugu zao wenyewe wamewakimbia. Binti wa Makoye aliyechimba kisima shambani kwake na asimzuie mtu kuteka, hata aliyemtukana. Na mama yake ni Klara, aliyelisha nyumba saba kwa michembe, viazi vikavu vya akiba, mwaka wa njaa bila kumtangazia mtu. Huo ndio ukoo. Watu wa namna hiyo hawahitaji kupigiwa ngoma wakitoa.

Mwaka 1953 Zipora alikuwa mjane, anauza matobolwa sokoni Shinyanga, vile viazi vitamu vilivyochemshwa vikakatwa na kuanikwa. Hakuwa na mali ya kutaja ila mtamba mmoja, aliyetunzwa Tinde na mwanawe wa pekee, Mbuke. Naye Mbuke alikuwa mjamzito. Mimba yake ya kwanza iliishia kwenye mkokoteni, katikati ya mbuga, magurudumu yamezama kwenye tope jeusi na hospitali ingali mbali. Mtoto alizaliwa mvuani, hakulia. Na mimba hii nayo ilikuwa inaelekea kwenye mvua.

Ndiyo maana Zipora aliufuatilia Mfuko wa Hisani wa Mji kuliko wakubwa waliouanzisha. Zamani kanisa lilikusanya michango yake, msikiti yake, wenye maduka yao. Sasa ikasemwa yote iwe mfuko mmoja, na kazi ya kwanza iwe nyumba karibu na hospitali, wajawazito wa mbali waje kungojea siku zao kabla mvua haijafunga njia. Shauri zuri, hakuna aliyelipinga. Kuta zikapanda. Kisha wakubwa wakaanza kuhutubia.

Mwenyekiti alikuwa Bwana Athanas, mwenye malori mawili na kitambi cha malori matatu. Alipanda juu ya meza sokoni, akaahidi mabati yote ya paa, akapigiwa makofi, akashuka analowa jasho kana kwamba ameezeka kwa mikono yake. Mwezi ukaisha, wa pili ukaingia. Ndani ya kuta zile wakawa wanalala mbuzi, na Bwana Athanas akawa anapanda meza ile ile kusema kwamba wananchi hawana moyo wa kutoa.

Wa kuwatia moyo akatumwa karani wa mfuko, Marcel, mtu wa ng'ambo ya ziwa aliyevaa soksi mpaka magotini kwenye jua la Shinyanga. Alikwenda Tinde na daftari. Alitaka kila mtu atoe kwa kadiri ya uwezo wake, kwa hiyo kila boma aliloingia swali la kwanza lilikuwa moja: una ng'ombe wangapi? Msukuma hamhesabii mgeni ng'ombe wake. Huko ni kuwaitia kifo. Tena miaka ile serikali ilikuwa inawalazimisha watu kupunguza mifugo, na kazi hiyo ilianza na daftari kama hilo hilo. Alipofika boma la tatu, habari zake zilikwishafika la ishirini. Ng'ombe wakaswagwa porini, wanaume wakawafuata, Marcel akabaki anahojiana na kuku.

Alirudi mjini, akachutama mbele ya kapu la Zipora, akanunua matobolwa, akawa anatafuna huku anatoa hukumu.

"Watu wenu ni wachoyo, Mama Mbuke. Hawajui maana ya hisani."

Zipora alimtazama mpaka taya zikasimama. "Uliwauliza nini?"

"Idadi ya ng'ombe. Ndiyo taratibu."

"Kwenu ukifiwa, anayekuja msibani unamwuliza kwanza mshahara wake?"

Marcel akajitetea kwamba taratibu aliipanga Bwana Athanas. Zipora akamjibu kwamba hilo linaonekana. Akamwagiza kesho yake aje bila daftari, abebe kapu, wanakwenda Tinde.

Huko walimwendea Pantaleo, nsumba ntale wa Tinde, kiongozi wa vijana wanaolima kwa pamoja mashamba ya watu. Vijana walipomwona Marcel waliangua kicheko. Mmoja akamwuliza kama leo amekuja kuhesabu inzi. Pantaleo hakucheka. Alimwamkia kwa Kisukuma, "Mwangaluka, mayu," akampa Zipora kigoda, kisha akamweleza bila kuzunguka. Watu wa mjini hawajawahi kuja kulima nao wala kuzika nao. Wakitaka jasho la Tinde, waje kwa desturi ya Tinde. Anayeita vijana kazini huchinja. Sasa, nani anachinja?

Marcel alianza kueleza kwamba kamati itakaa. Zipora akamkata.

"Mimi."

Mbuke alikuwa amesimama nyuma yao, mkono kiunoni. Alisema kwa sauti ndogo kwamba mtamba yule ni maziwa ya mtoto.

"Mtoto yupi, mwanangu? Wa kuzikwa mbugani?"

Mbuke akaenda kumfungua mtamba kwa mkono wake mwenyewe.

Siku ya tatu mikokoteni iliingia Shinyanga imesheheni nyasi na fito, vijana wanaimba, wanawake nyuma na kamba vichwani. Soko zima likasimama. Watu ambao hotuba kumi hazikuwatoa kwenye vigoda vyao walitoka sasa: seremala akaja na nyundo, mwenye duka la vyuma akaja na misumari, bila kupanda meza. Mbuzi wakafukuzwa. Ndipo Bwana Athanas akafika, anahema.

"Sheria ya mji hairuhusu nyasi, Mama Mbuke. Itakuwa aibu."

"Aibu ipo, baba, tumeikuta." Zipora akawageukia vijana. "Kaeni. Bwana Athanas anakwenda kuleta mabati yake. Akichelewa tutamngojea nyumbani kwake, atatupikia."

Wakakaa juu ya nyasi zao, wakamtungia wimbo papo hapo, na kitambi kilikuwamo. Kabla jua halijatua, lori lilishusha mabati. Mwenye lori akakohoa kutaka kusema maneno mawili matatu. Hakuna aliyegeuza shingo. Nyasi zikajazwa magunia, zikawa magodoro.

Mbuke akaletwa na mkokoteni wa Pantaleo, njia ingali kavu. Mvua ya kwanza ilimkuta ndani. Ilipiga mabati mchana kutwa, na katikati ya kelele ile mtoto wa kike akalia. Zipora alisimama akimsikiliza alie, mpaka akatosheka.

Kesho yake akaja Marcel, amevaa koti la mvua, kumwambia kwamba Bwana Athanas anaandaa mkutano wa shukrani na anamwomba akae meza kuu.

"Mkutano wafanye wenye nafasi," Zipora alisema. "Mhunze kuna wajawazito wawili, na mmoja hana mume. Mkokoteni uko nje, maksai wamefungwa tayari. Nenda ukawalete kabla mbuga haijajaa."

"Mimi sijawahi kuendesha maksai, Mama Mbuke."

"Maksai wanaijua njia. Kazi yako wewe ni kushuka na kusukuma pakizama."