Byamungu Iko Analala

Juzi mjukuu wangu Furaha, anayeniita Koko, alikuwa anapiga picha jiwe la kaburi lililo ndani ya sakafu ya kanisa letu la Kilibula, kabla mafundi hawajalifunika kwa karo mpya, vile vigae vya sakafuni. Herufi zimeliwa na miguu ya watu, basi akazimwagia maji zionekane. Nusura nimshike mkono.

Maana nilipokuwa mtoto, shangazi yangu Nabintu ndiye aliyekuwa anaosha kanisa lile. Alasiri moja, harufu ya ndagala, vile visamaki vidogo, zilizoanikwa nje ikiingia madirishani, alinisomea jiwe: "Hapa analala katekista Byamungu." Nikavua kandambili, nikanyata. Shangazi akainua ndoo.

"Shangazi, hapana! Atalowa, ataamka na hasira!"

"Weye! Huyu hata ngoma za Pasaka hazimuamshi. Acha nimuogeshe."

Akamwaga. Nikalia, nikavua kitenge changu nikamfunika asipate baridi. Shangazi akacheka mpaka akageuza ndoo akaikalia.

Sasa najua kulala kule ni kulala gani. Lakini Furaha alipomaliza picha zake, niliinama nikapangusa maji kwa kitenge.

"Koko, unafanya nini?"

"Sema polepole," nikamwambia. "Byamungu iko analala."