Mume wa Kuazima

Miguu yangu ilikuwa imevimba hata kandambili haziingii, na kichwa kinanigonga tangu asubuhi. Bado nilikaa nyumbani, Busasamana. Mimba ilikuwa kubwa na sikuwahi kuipima, maana kwetu kipimo cha kwanza mwanamke huenda na mumewe. Wanaokuja wawili huingia kwanza, wote wanatolewa damu. Anayekuja peke yake anabaki kwenye benchi, watu wanamtazama tumbo, halafu wanatazama mlangoni kama kuna anayemfuata. Mume wangu alikuwa Masisi, ng'ambo ya mpaka, akinunua maharage. Kila Jumapili aliniambia kwenye simu kwamba anakuja, nami nikamsubiri, mjinga mimi.

Jirani yangu aliniangalia miguu akasema, "We utakufa na heshima yako. Tafuta hata bwana ya kuazima."

Nikampata motari anayenipelekaga sokoni kwa pikipiki yake. Nilimweleza shida yangu, akafikiri kidogo, akakubali kama mtu aliyeombwa kubeba gunia.

Kwenye kituo cha afya tuliitwa kati ya wa kwanza. Nesi aliniona nimeshika kichwa, akamuuliza yeye, "Bibi yako kichwa inamuuma tangu lini?"

Motari akanigeukia. "Kwani kichwa inakuuma?"

Nesi hakucheka. Alinipima presha, akanipima tena mkono wa pili, akatoka kuita gari la wagonjwa. Aliporudi nilimwambia ukweli, kwamba huyu si mume wangu, nilimleta ili nisiachwe kwenye benchi.

"Mama," akasema huku akinitafuta mshipa, "hata ungekuja na mbuzi ningekupima. Ungekuja tu."

Alitakiwa mtu wa kunisindikiza hadi hospitali, mjini. Motari akamwachia mlinzi wa kituo pikipiki, akapanda gari pamoja nami.

Mtoto alitolewa kwa upasuaji kabla ya wakati wake, mdogo sana. Waliniambia anahitaji joto la ngozi ya mtu, na mimi nilikuwa siwezi hata kugeuka. Wakaita baba wa mtoto. Aliyesimama ni motari. Wakamwambia avue shati, wakamlaza mtoto kifuani pake na kuwafunga pamoja kwa kitenge changu. Alikaa hivyo hadi jioni, amenyooka, anaogopa kupumua. Kesho yake akarudi, na keshokutwa yake.

Ndipo mume wangu alipofika, baada ya jirani kumpigia simu. Nilimsikia mlangoni akijieleza, na mlinzi wa hospitali akimjibu kwa upole, "Baba ya mtoto iko ndani, mzee. Ngoja atoke."

Nilicheka mpaka mshono ukauma. Halafu hasira ikanipanda, nikamwacha asimame huko. Ni motari aliyeinuka na mtoto wake wa kuazima, akamfungulia mlango.

"Vua shati," akamwambia. "Anasikia baridi."